Dhahabu ya Mama: Kuweka Rehani au Kuuza?

Akina mama wengi hatuna akaunti nono benki, lakini tuna kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chini ya nguo sandukuni. Ni bangili mbili alizoacha bibi, au mkufu aliouvaa mama siku ya ndoa yake. Miaka inapita hatukigusi. Halafu siku moja mtoto anakosa ada, au mgonjwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na ndipo sanduku linafunguliwa.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka niliyokaa wodini nimeviona vitu hivyo vikitoka. Nimemwona mama akivua hereni kando ya kitanda na kumpa mdogo wake akimwambia, "Kimbia kwa sonara kabla hajafunga." Baada ya saa moja mdogo anarudi na fedha mkononi, na hakuna anayeuliza zilipimwa gramu ngapi. Kila mtu anamtazama mgonjwa, na ndivyo inavyopasa. Lakini katika saa ile moja hasara kubwa huweza kutokea, na huja kujulikana baadaye, mgonjwa akiisha kupona au kuzikwa, ndugu wanapoanza kuulizana kitu cha mama kimekwenda wapi na kwa bei gani. Kwa hiyo, msomaji mpendwa, tuyazungumze haya leo ambapo pengine hakuna anayeumwa nyumbani mwako.

Sonara hununua uzito

Hospitalini, kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, tunamvua vito vyote na kuviandika kitabuni. Tumefundishwa tusiandike "pete ya dhahabu". Tunaandika "pete moja ya rangi ya njano", kwa sababu muuguzi hana mizani ya sonara wala asidi ya kupimia. Nakushauri nawe uanzie hapo. Mpaka kitu chako kipimwe, wewe unacho kitu cha rangi ya njano, basi.

Kiangalie ndani, mahali palipojificha, utafute chapa ndogo ya tarakimu. Dhahabu safi kabisa ni karati 24, nayo ni laini mno, ndiyo maana huchanganywa na shaba au fedha ili iwe ngumu. Chapa ya 916 ni karati 22, maana yake sehemu 916 katika kila 1,000 ni dhahabu. Chapa ya 750 ni karati 18, ya 585 ni karati 14, na ya 375 ni karati 9. Hivyo mkufu wa 375 una dhahabu chini ya nusu, hata ukiwa unang'aa kuliko wa jirani. Ukikuta 925, hiyo ni fedha. Ukikuta herufi GP, kimepakwa dhahabu juu tu. Vito vingi vya zamani vilivyofuliwa na masonara wetu wa pwani havina chapa yoyote, wala hiyo si dalili kwamba ni bandia. Hivyo hupimwa kwa kusuguliwa juu ya jiwe jeusi na kudondoshewa asidi.

Sasa bei. Katika soko la dunia dhahabu hutajwa kwa aunsi, ambayo ni gramu 31.1. Mwaka 1999 aunsi moja ilishuka hadi chini ya dola 260 za Marekani. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Tufanye hesabu kwa bei hiyo ya 4,000: gramu moja ya dhahabu safi inafika kama dola 128, na ya karati 22 kama dola 118. Bangili ya gramu 20 ya karati 22 ina dhahabu ya zaidi ya dola 2,300 ndani yake. Sonara hawezi kukupa zote, maana naye ana kazi ya kuyeyusha na anatafuta riziki yake. Lakini akikutajia nusu, utajua kwamba ni nusu. Mama anayekumbuka bei aliyonunulia miaka ya 1990 ndiye anayedanganyika upesi, kwa sababu hata akipewa mara tano ya fedha aliyotoa huona amepata faida kubwa.

Uliza bei ya siku kabla hujafungua kitambaa. Nenda maduka matatu, mchana, na mtu unayemwamini. Simama uone mizani ikianzia sifuri. Kama kito kina mawe, kwa kawaida mawe huondolewa kabla ya kupima, basi yadai mawe yako. Ni mali yako nayo. Kumbuka pia kwamba tanzanaiti, jiwe letu lililogunduliwa Mirerani mwaka 1967, si gumu kama almasi, na mtu anayeling'oa kwa haraka anaweza kulivunja mbele ya macho yako.

Hapa nigusie na zile sarafu kubwa za fedha ambazo bibi zetu wa pwani walizitundika kwenye vidani, riale za Maria Theresa zenye mwaka 1780. Wengi huamini kwamba zote zina umri wa karne mbili na ushee, na kwa hiyo ni utajiri. Sivyo. Sarafu ile iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 hata karne ya ishirini, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani hii waliiamini kwa sura ile tu. Ina gramu 28 hivi, na fedha halisi ndani yake ni gramu 23. Thamani yake zaidi ya hapo hutegemea kidani chenyewe na mkono uliokitengeneza. Kazi za masonara wa zamani wa Lamu na Unguja zina watu wanaozitafuta kwa ajili ya ufundi wake. Mwonyeshe kwanza mfanyabiashara wa vitu vya kale, ndipo umfikirie mwenye tanuri.

Poni za wenye nacho

Wauguzi wenzetu waliokwenda kufanya kazi Uingereza hutusimulia jambo ambalo kwetu ni geni. Huku ukisema umeweka kitu poni, au bondi kama vijana wanavyosema, watu hukuonea huruma. Kule zipo poni za aina mbili. Ipo ya mtaani, yenye alama ya mipira mitatu ya rangi ya dhahabu juu ya mlango. Na ipo ya kifahari, ambayo mteja hukaribishwa chumba cha faragha, mthamini akavaa kioo chake cha kukuzia na kukiangalia kito taratibu. Wanaoingia huko ni watu wenye saa za thamani na pete za almasi ambao fedha taslimu imewapungukia.

Tofauti kubwa ni kile kinachothaminiwa. Mthamini wa poni hizo hutazama jina la aliyekitengeneza, umri wa kito, ubora wa jiwe, na kama boksi na risiti zake zipo. Bangili ya Cartier haiuzwi kwa uzito wake. Lakini tusijidanganye, mkufu wa mama ulionunuliwa Dubai hauna jina la Cartier, na hata katika chumba kile cha faragha utawekwa kwenye mizani kama ulivyowekwa kwa sonara wa mtaani. Kwa hiyo mwenye ndugu Ulaya asidhani kumtumia dhahabu ya ukoo ni lazima kutaleta bei ya ajabu.

Ninachowasifu wenzetu ni sheria yao. Tangu sheria ya mikopo ya mwaka 1974, mwenye poni Uingereza hutoa hati, na hulazimika kukaa na kitu hicho muda usiopungua miezi 6 kabla ya kukiuza. Na kwa mikopo isiyo midogo sana, kikiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachobaki ni cha mwenye mali. Paris pia ipo nyumba ya rehani ya mji iliyoanzia mwaka 1637, ambayo wenyeji huitania kwa kuiita "shangazi yangu". Ile ya Vienna ilianzishwa mwaka 1707.

Huenda baadhi yetu wakashangaa kusikia kwamba Kanisa lilihusika mno katika jambo hili. Katika karne ya 15 watawa Wafransisko wa Italia waliona maskini wakiliwa na wakopeshaji, wakaanzisha mifuko ya kukopesha kwa rehani kwa malipo madogo. Mfuko wa mji wa Perugia ulianza mwaka 1462, na mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi akaidhinisha malipo hayo madogo kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Lilikuwa tendo la huruma. Walikuwa wameisoma Torati, ambayo katika Kutoka sura ya 22 inamwagiza aliyechukua vazi la jirani kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kabisa kuchukua jiwe la kusagia.

Fedha ya kukombolea itatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mama ajiulize kabla ya mengine yote. Watu hujiuliza, "Je, nakipenda kitu hiki?" Bila shaka unakipenda, kilikuwa cha mama yako. Swali hilo halikusaidii kuamua.

Mwenzangu mmoja aliyeko Uingereza alifiwa na baba, naye alitakiwa kupata nauli na kuchangia mazishi katika siku tatu. Akaweka rehani mkufu wa mama yake. Alikuwa na mshahara, na alijua kila mwezi atatenga kiasi gani. Mwezi wa nne akaukomboa. Kwake rehani ilikuwa sawasawa.

Mlinganishe na mama niliyemfahamu hapa kwetu, ambaye mumewe figo zote mbili zilishindwa kazi. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara mbili au tatu kwa wiki, wiki hadi wiki. Akaweka bangili zake kwa mkopeshaji wa mtaani, bila karatasi, akitumaini kuzirudia. Fedha ile iliisha upesi, riba ikaendelea kuongezeka, na haikuwapo njia yoyote ya fedha nyingine kuingia. Bangili zilikwenda kwa bei ya deni, ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Huyu ingekuwa heri auze mapema, kwa bei kamili, kwa mchana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme umekopeshwa 1,000,000 na riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Baada ya miezi sita unadaiwa 1,300,000, na mkopeshaji hawezi kukukopesha thamani yote ya kito. Kama fedha hiyo ina tarehe ya kuja, mavuno, mshahara au mchezo wa upatu, weka rehani, na udai hati yenye uzito, karati, riba na siku ya mwisho. Kama haina tarehe, uza.

Na mkopeshaji asiyetaka kuandika uachane naye.

Si yako peke yako

Kitu cha marehemu ni sehemu ya mirathi mpaka msimamizi wa mirathi atakapokigawa. Kukaa sandukuni mwako hakukifanyi kiwe chako. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka kwa ajili ya hereni, na aliyeziuza alikuwa amezitumia kumtibu mama yao huyo huyo! Hakuiba. Aliuza kimya kimya, na kile kimya ndicho kilichowaudhi.

Dada wanne ninaowafahamu kanisani walifanya tofauti. Mama yao aliacha bangili tatu, na watoto wanne hawagawani bangili tatu. Walizipiga picha, wakazipima pamoja kwa masonara wawili, wakaandika uzito katika daftari na wote wakatia sahihi. Mjukuu alipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo, waliuza mbili. Ya tatu huvaliwa na bibi harusi wa ukoo siku ya ndoa yake, kisha kesho yake inarudi kwa dada mkubwa. Mwaka huu imekwisha kuvaliwa mara mbili.