Nyaya 'zisizoshika moto' huenda zikatuhadaa

KILA moto mkubwa unapozuka nchini, mjadala wetu hufuata mkondo ule ule. Tunauliza ni nani aliyeuwasha, kwa nini milango ilifungwa, na wazimamoto walikawia wapi. Tuliuliza hivyo baada ya duka la Nakumatt Downtown kuteketea jijini Nairobi mnamo Januari 2009, na tukauliza tena wavulana 21 walipofariki kufuatia moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, mnamo Septemba 2024. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo ni nadra kusikika: moto ukishawaka, ni vifaa gani vya uokozi vinavyopaswa kuendelea kufanya kazi, na umeme utavifikiaje?

Jibu ni waya. King'ora cha ghorofa ya tano hakiwezi kulia ikiwa waya wake umeungua katika ghorofa ya pili. Hali ni hiyo hiyo kwa pampu inayosukuma maji ya kuzima moto, feni zinazofukuza moshi kwenye ngazi, na lifti wanayoitegemea wazimamoto. Mwenye jengo aweza kutumia mamilioni kununua mitambo hiyo, kisha akaiunganisha kwa waya utakaokatika katika dakika chache za mwanzo.

Ulimwengu ulipata funzo hili mapema. Mnamo Machi 22, 1975, katika kituo cha nishati ya nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, mfanyakazi alitumia mshumaa kutafuta penyo la hewa ukutani. Mwali ukashika sifongo ya kuzibia matundu, ukaingia kwenye nyaya, na ukaendelea kwa takribani saa saba. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika. Hakuna aliyekufa, lakini mitambo kadhaa iliyowekwa mahususi kwa ajili ya dharura ilishindwa kuitikia amri, kwani nyaya zilizobeba amri hizo zilikuwa ndizo zinazoungua.

Kazi yangu ni lugha, wala si uhandisi; na ni katika lugha ninapoona mzizi mmoja wa tatizo letu. Madukani na hata katika mikataba ya ujenzi, maneno 'waya usioshika moto' hutumiwa kama kapu moja la kutilia kila kitu. Ukweli ni kwamba kapu hilo lina sifa tatu tofauti, na kila moja yastahili kitenzi chake.

Sifa ya kwanza ni kutoeneza moto. Waya wa namna hii huungua panapochomwa, lakini hauupitishi mwali kutoka chumba hadi chumba. Ya pili ni kutotoa moshi mzito wala gesi kali. Plastiki ya kawaida ya PVC ina klorini, na inapoungua hutoa moshi mweusi pamoja na gesi ambayo, ikikutana na unyevu wa macho na mapafu, hugeuka asidi. Sifa ya tatu ndiyo kustahimili moto: waya unachomwa na bado unapitisha umeme.

Kitenzi 'stahimili' kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uliotupa pia 'himili' na 'hamali'. Waya stahimilivu basi ni hamali asiyeutupa mzigo njiani hata jua likiwaka vipi. Waya usioeneza moto haukuahidi hayo. Uliahidi tu kwamba hautawachoma majirani.

Mkanganyiko huu haumo katika Kiswahili pekee. Katika viwango vya kimataifa, IEC 60331 hupima kama waya utaendelea kupitisha umeme ukiwa motoni, ilhali IEC 60332 hupima kama utaueneza mwali. Tarakimu moja tu, ya mwisho, ndiyo inayotenganisha nambari hizo mbili. Mnunuzi asiyeangalia kwa makini atauziwa wa pili akidhani amenunua wa kwanza, na hakuna atakayegundua hadi siku ya moto. Rangi nyekundu nayo si ushahidi, kwa kuwa plastiki yoyote yaweza kutiwa rangi.

Waya stahimilivu hutambulika kwa umbo lake la ndani. Aina mojawapo huwa na nyuzi za shaba zilizoshindiliwa katika unga wa madini ya magnesiamu na kufunikwa kwa bomba la shaba. Humo hamna plastiki ya kuungua. Nyingine huzungushiwa utepe wa ulanga juu ya shaba, au huvikwa mpira wa silikoni ambao ukiungua huacha jivu linaloendelea kuzuia umeme usivuje. Kiwango cha Uingereza cha BS 6387 huzipima kwa ukali: kipande kimoja huchomwa kwa nyuzijoto 950 kwa saa tatu, kingine huchomwa na kunyunyiziwa maji, na cha tatu huchomwa huku kikitikiswa kwa mapigo.

Fauka ya hayo, waya bora ulioshikiliwa kwa vibanio vya plastiki ni kazi bure. Plastiki huyeyuka na waya huanguka. Katika jengo la Shirley Towers, mjini Southampton, Uingereza, wazimamoto wawili walifariki mnamo Aprili 2010 baada ya kunaswa na nyaya zilizoporomoka. Vibanio vya chuma havina gharama ya kutisha.

Yamkini mwenye nyumba atalalamika kwamba nyaya hizi ni ghali. Naam, ni ghali kuliko za kawaida. Lakini hakuna anayemtaka azitumie kwenye soketi ya pasi au taa ya sebuleni. Zinahitajika kwenye njia chache tu: ving'ora, taa za dharura zinazotegemea betri ya pamoja, pampu, feni za moshi na lifti ya wazimamoto.

Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ilhali michoro na mikataba ya majengo huandikwa kwa Kiingereza, maagizo humfikia fundi kwa Kiswahili. Hapo katikati ndipo 'kustahimili' hugeuka 'kutoshika'. Wahandisi na wanakandarasi waandike bayana: waya uendelee kupitisha umeme, kwa muda gani, na kwa kiwango kipi. Wakaguzi wa kaunti waisome nambari iliyochapwa kwenye waya kabla ukuta haujapigwa lipu. Mzazi anayempeleka mwanawe bwenini naye ana haki ya kumwuliza mwalimu mkuu: king'ora hiki kitalia kwa dakika ngapi moto ukishafika kwenye waya wake?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaanzia katika kitenzi, na kuuziba hakugharimu chochote.