Lenzi zinazoingia weusi juani: zitamfaa nani?

Juzi mama mmoja jirani yangu alinionyesha simu yake. Mwanawe ana ualbino, na jua la saa sita likipiga hutembea amefumba macho, mkono mbele. Kwenye simu palikuwa na tangazo la lenzi za kuvaa machoni zinazoingia weusi zenyewe juani. "Kaka, niuze dhahabu yangu nimnunulie?" aliniuliza. Nikamwomba asubiri kwanza nisome.

Ndugu msomaji, lenzi hizi si uongo. Mwezi wa Aprili 2018, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha za kwanza, Acuvue Oasys with Transitions, za kampuni ya Johnson & Johnson. Ndani yake mna kemikali inayoamshwa na miali ya jua isiyoonekana, inayoitwa urujuanimno. Ukitoka juani lenzi huingia weusi kidogo. Ukirudi ndani weusi huondoka.

Swali ni, ziliidhinishwa kwa nani? Kwa mtu asiyeona vizuri mbali au karibu, lakini macho yake hayana maradhi. Yaani ni badala ya miwani ya kurekebisha uoni wa karibu au wa mbali. FDA yenyewe ilionya kwamba hazichukui nafasi ya miwani ya kukinga jua.

Shida ya mtoto mwenye ualbino ni nyingine. Ile rangi inayozunguka mboni ya jicho ndiyo pazia la mwanga. Kwake pazia hilo ni jepesi, mwanga hupenya kila upande. Tena sehemu ya nyuma ya jicho, inayotuwezesha kuona vitu vidogo, haikukua kikamilifu. Ndiyo maana hata akipewa miwani nzuri, huenda bado asisome ubaoni. Na lenzi hizi darasani hazimsaidii sana, kwa sababu taa za ndani hazina miali ya kutosha kuziamsha.

Kuna na suala la maji. Lenzi yoyote haipaswi kuguswa na maji ya bomba wala ya kisima, maana yana vijidudu vinavyoweza kula jicho hadi upofu. Mwenye kuvaa lenzi akitawadha afumbe macho vizuri. Kuosha uso hakumlazimu mtu kuingiza maji ndani ya jicho. Asiogelee nazo, na asilale nazo ila daktari amruhusu. Je, mtoto wa miaka minane atayaweza yote hayo?

Kinachomfaa zaidi ni cha bei nafuu. Kwanza apimwe na daktari wa macho, kwani macho kuumia na mwanga kunaweza pia kutokana na kidonda au uvimbe ndani ya jicho. Kisha apewe miwani yenye rangi inayolingana na macho yake, na kofia ya ukingo mpana. Darasani akae mbele, dirisha liwe mgongoni. Madrasani apewe msahafu wa maandishi makubwa.

Nasi walimu na wazazi tuache kumvua mtoto huyu kofia kwa jina la nidhamu, au kumwita mvivu kwa kuinamisha uso. Kofia ile kwake ni kama fimbo kwa kipofu.

Yule mama dhahabu yake bado anayo. Wiki ijayo, inshallah, anampeleka mwanawe kliniki.