Ngao ya Kuzuia Moto wa Anga

Mara nyingi twasikia habari za vyombo vya kwendea anga za juu, nasi twastaajabia ule moto mkubwa unaovirusha. Leo twataka kuwasimulia habari ya kitu kisichosifiwa sana, nacho ni ngozi ya chombo, ile inayowakinga watu wakati wa kurudi. Kwa maana kupanda ni kazi, lakini kushuka ndiko kunakounguza.

Chombo kinachoizunguka dunia huenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kinapoingia tena katika hewa yetu, hewa haipati nafasi ya kukipisha; husongwa mbele yake, na ikisongwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua jinsi bomba linavyopata moto mkononi baada ya kusukumwa mara chache tu. Basi fikirini bomba hilo likisukumwa kwa mwendo unaoshinda wa risasi ya bunduki.

Wamarekani walikuwa na ndege za angani zilizosafiri tangu mwaka 1981 hadi 2011. Mwili wake waliuunda kwa aluminiamu, madini yale yale tunayoyaona katika masufuria, kwa kuwa ni mepesi. Lakini aluminiamu hiyo haikupasa kupita digrii 175 hivi, na tumboni mwa ndege joto lilipita digrii 1,000. Kuifunika kwa chuma kizito hakukuwezekana, maana isingeweza kupaa. Ndipo mafundi walipotafuta msaada katika mchanga.

Mchanga safi waliuyeyusha na kuuvuta uwe nyuzi nyembamba kuliko nywele, wakazichanganya na maji, wakazifinyanga na kuzioka tanuruni, wakapata vigae vyeupe vilivyo vyepesi ajabu, kwa sababu sehemu tisa na zaidi katika kumi za kila kigae ni nafasi tupu. Mfinyanzi yeyote wa kwetu angetambua kazi hiyo. Kigae kikitolewa tanuruni katika digrii zaidi ya 1,200, mtu aliweza kukishika pembeni kwa vidole vitupu, na huku katikati kingali chekundu! Si mazingaombwe. Kitu ni kidogo, nafasi ni nyingi, kwa hiyo moto hauna njia ya kupita upesi mpaka kwenye kidole.

Shida ilikuwa kuvibandika. Aluminiamu hutanuka kwa joto na kujikunja kwa baridi, lakini kigae hakibadiliki ila kidogo sana. Vikigandishwa pamoja, kigae hupasuka. Basi kati yao iliwekwa nguo nene ya nyuzi, ikapakwa gundi. Ndege moja ilivaa vigae zaidi ya 24,000, kila kimoja na namba yake na mahali pake.

Puani na kwenye ukingo wa mbele wa mabawa moto ulizidi hata nguvu za vigae, ukafika digrii 1,600 na kitu. Huko ziliwekwa bamba za kaboni, zilizofumwa kama kitambaa na kuokwa mara nyingi. Bamba hizo zilistahimili moto, lakini zilikuwa na udhaifu wa chungu: zikipigwa, huvunjika.

Tarehe 16 Januari 2003 ndege iitwayo Columbia ilirushwa. Tangi lake kubwa la nje lilijaa gesi zilizofanywa maji kwa baridi kali, mojawapo ikiwa na digrii 253 chini ya sifuri, hata ikapasa kulivika povu lililokauka, jepesi kama sponji ya godoro, barafu isilishike. Sekunde 82 baada ya kuondoka, kipande cha povu hilo kisichofika kilo moja kilibanduka, kikagonga bawa la kushoto. Mtu atauliza: sponji yaweza kudhuru nini? Yafaa tueleze. Kipande chepesi hukamatwa na hewa, kikapunguza mwendo mara moja, lakini ndege haikupunguza. Ikakikuta kwa kasi ya kilomita zaidi ya 800 kwa saa.

Picha zilikionyesha kikigonga. Mafundi wakaomba bawa lipigwe picha huko juu. Wakubwa wa kazi hawakuona haja, kwa kuwa povu lilikuwa limebanduka katika safari nyingi na ndege zikarudi salama. Kwetu sisi, hilo ndilo linalotisha kuliko povu lenyewe.

Tarehe 1 Februari jamaa zao walikuwa wamekusanyika uwanjani Florida kuwalaki. Ilibaki robo saa hivi. Juu ya nchi ya Texas, karibu kilomita 60 kutoka ardhini, hewa ya moto iliyokuwa imepenya bawa ilimaliza kazi yake, na ndege ikavunjika. Wakafa Rick Husband, William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, David Brown, Laurel Clark na Ilan Ramon. Mwenyezi Mungu awape raha.

Mwezi wa Julai mwaka huo wachunguzi walichukua kipande cha povu, wakakirusha kwa mzinga wa upepo juu ya bamba la kaboni. Likatoboka tundu la sentimita 40 hivi, ambamo mtoto angeweza kupita.

Chombo kipya cha Marekani, Orion, kina ngao ya namna nyingine, inayoungua yenyewe kidogo kidogo na kuondoka na moto. Kilipotoka mwezini bila watu, tarehe 11 Desemba 2022, kilitua salama baharini; lakini ngao ilikutwa imemeguka mahali zaidi ya 100, ambapo haikutazamiwa. Kama wangalikuwamo watu, wasingalidhurika. Hata hivyo safari iliyofuata ilicheleweshwa, na mafundi wakaunguza vipande vya ngao hiyo maabarani, mara moja na mara nyingine tena, mpaka Desemba 2024 walipotangaza sababu: gesi ilizaliwa ndani yake wakati wa kuungua, ikakosa tundu la kutokea.