Injini ya nyuma iliyowaponza marubani wa Ufaransa

ALFAJIRI ya Mei 27, 1915, ndege 18 za Ufaransa aina ya Voisin ziliruka kutoka Malzéville, karibu na mji wa Nancy, kwenda kushambulia viwanda vya kemikali vya BASF mjini Ludwigshafen, Ujerumani. Kilikuwa kisasi. Aprili 22 mwaka huo, Wajerumani walikuwa wamefungulia gesi ya klorini dhidi ya askari waliokuwa mahandakini huko Ypres, Ubelgiji.

Mabomu yaliangukia viwandani. Ndege iliyokosekana wakati wa kurejea ni ile iliyombeba kamanda wa kikosi, Meja Louis de Goÿs. Injini yake ilizimika, ikatua katika ardhi ya adui, naye akatekwa.

Voisin ilikuwa na mabawa ya ngazi mbili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa nguzo na nyaya. Kwa macho ya leo inafanana zaidi na kitanda cha chuma kuliko ndege ya kivita. Injini na pangaboi vilifungwa nyuma ya watu wawili waliokuwa ndani.

Mpangilio huo ulikuwa na faida. Mbele palikuwa wazi, hivyo bunduki ya rashasha ilifyatuliwa bila kuvunja pangaboi. Ndivyo Joseph Frantz na fundi wake, Louis Quenault, walivyoidungua ndege ya Wajerumani karibu na Reims, Oktoba 5, 1914, tukio linalotambuliwa kuwa la kwanza la ndege kuiangusha nyingine kwa risasi.

Lakini nyuma hapakuwa na ulinzi wowote. Voisin ilikwenda takriban kilomita 100 tu kwa saa, na ilipoanguka, injini iliweza kuwaponda waliokaa mbele yake. Katikati ya 1915 Wajerumani walileta ndege za Fokker, ambazo bunduki yake ilipitisha risasi kati ya mapanga yanayozunguka. Ziliijia Voisin kutoka nyuma. Hasara zilipozidi, Wafaransa walilazimika kuzituma Voisin usiku, na giza lililowaficha marubani liliwaficha na shabaha pia.

Jibu lilikuwa Breguet 14, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1916. Injini ilihamishiwa mbele, na mpiga bunduki akakaa nyuma ya rubani, akiutazama mkia. Julai 1918, Wajerumani walipovuka mto Marne, ndege hizo zilishambulia madaraja yao mchana kweupe.

Baada ya vita, nyingine zilibeba barua kati ya Toulouse na Casablanca.