Mwanahisabati na Masomo Mengine

Vijana wa Mkoa wa Songwe waliofaulu hisabati katika kidato cha sita hufunga safari kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine. Wafikapo huambiwa kuwa hisabati si somo pekee. Ziko Taaluma za Maendeleo, na ziko stadi za mawasiliano. Baadhi yao huyaita masomo hayo mzigo, wakayaahirisha hadi juma la mitihani, kisha wakashangaa kuitwa kwenye mtihani wa marudio ilhali milinganyo yao yote ilikuwa sahihi.

Masomo hayo hayakuzuka hivi hivi. Chuo kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Lilipotoka andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, taifa liliuliza: msomi huyu anamsomea nani? Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa sehemu ya jibu. Yawezekana kubishana juu ya namna somo lilivyofundishwa. Swali lenyewe lingali hai.

Na liko hapa hapa Tunduma. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Kugawanya kwa elfu ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Lakini kwa nini serikali ifute sifuri? Ni nani apatae hasara noti za kale na mpya zinapozunguka pamoja, kama si mama muuza mchele asiyejua kusoma? Sheria yamlindaje? Majibu hayamo katika kalkulasi, na mwanahisabati asiyeyajua atakuwa karani wa mashine tu.

Wahenga wa elimu hii hawakuitenga na watu. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kueleza mgawanyo wa mirathi na wasia. Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni twalijua fungu la nane la mjane mwenye watoto kabla hatujakutana na sehemu shuleni.

Basi kijana apange mapema. Kozi za lazima azimalize mwaka wa kwanza, chuo kinaporuhusu, kwani miaka ya mwisho hisabati huwa nzito na haingoji mtu. Kozi za hiari azichague kwa kazi aitakayo: uchumi kwa atakaye bima au benki, saikolojia ya elimu kwa mwalimu. Asichague kozi kwa kuwa mhadhiri wake asifiwa kwa ukarimu wa alama. Uvumi huo wa mabwenini umewaponza wengi. Mwongozo wa masomo ausome kabla ya kujiandikisha, kisha amwendee mshauri wake na orodha iliyokwisha andikwa.