Fiat Coupé: Rahisi Yenye Mkanda

Ndugu yangu uliyeko Ulaya, unayeitamani Fiat Coupé kuukuu ya bei nafuu, nisikilize. Bodi lake liliundwa na Pininfarina, Italia, tangu 1993 hata 2000. Nami nalipenda kwa ile mikato juu ya magurudumu, kama bati lililopigwa panga. Lakini kabla ya bei, uliza: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Katika yale ya silinda 5 na valvu 20, nafasi ni finyu mno, hata mafundi wengi huishusha injini ndipo waufikie. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana, injini imekwisha. Muuzaji asiye na stakabadhi ya gereji, mimi ningemhesabu hajaubadilisha, na gharama ile ningeipunguza katika bei pale pale. Akikataa? Mwachie gari lake, hata likiwa jekundu.