Jino bovu halisubiri msimu

WAKULIMA wengi wa Lushoto na Bumbuli hupanga matumizi yao kwa msimu. Ada ya shule, bati la nyumba na deni la mbolea husubiri mpaka kabichi, karoti na viazi vishuke Mombo na kufika Kariakoo. Jino lenye tundu nalo huwekwa kwenye foleni hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba bati likisubiri haliharibiki, lakini jino huendelea kuoza.

Kwanza jino husisimka kwa maji baridi au kitu kitamu. Baadaye huanza kuuma usiku. Fedha za mavuno zinapopatikana, mara nyingi tiba iliyobaki ni kung'oa.

Hesabu ya pengo

Ukitazama bei ya siku moja, kung'oa huonekana nafuu kuliko kuziba. Lakini hesabu haiishii hapo. Jino la ukubwani likitoka haliotι tena. Meno ya jirani hulalia pengo, na kutafuna huhamia upande mmoja. Anayetaka jino la bandia atatoa fedha nyingi zaidi ya zile za kuziba tundu. Aidha, atapanda gari zaidi ya mara moja, kupimwa na kujaribishwa, na kila safari ni siku moja bila jembe.

Kwa mfanyabiashara ipo hasara nyingine. Anayeuza peasi na karoti kando ya barabara pale Soni huuza kwa maneno na tabasamu. Akipoteza jino la mbele, huanza kufunika mdomo kwa kiganja anapoongea na mteja. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari, ila mwenyewe anaijua.

Njia iliyoanzia Tanzania

Wapo wanaodhani kuziba jino ni lazima kuwe na umeme na mashine ya kutoboa. Si kweli. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza kutumika njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, inayojulikana kwa kifupi kama ART. Mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza kwa mataifa mengine.

Mtaalamu hupanua tundu kwa kifaa kidogo cha mkono, hukwangua sehemu laini iliyooza, kisha hujaza saruji maalumu ya meno iitwayo glasi ayonoma na kuikandamiza kwa kidole. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Mgonjwa hukaa saa moja bila kula. Saruji hiyo hutoa floridi kidogo kidogo, madini yanayoimarisha jino. Mwaka 2021 WHO iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Tundu dogo la upande mmoja huzibika vizuri na kudumu kuliko tundu pana la pande mbili. Uozo ukifika kwenye kiini cha jino, au fizi ikivimba usaha, kuziba peke yake hakutoshi. Hapo hutakiwa kutibu mzizi, kazi ya gharama kubwa zaidi, au kung'oa. Ndiyo maana kusubiri msimu ni ghali.

Kuhusu weupe wa meno

Si kila jino la kahawia limeoza. Madoa ya chai husafishwa na mtaalamu. Madoa wanayoonekana nayo watu wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro hutokana na floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni. Hayo hayatoki kwa mswaki. Magadi ya kupikia maharage nayo yanaweza kubeba floridi nyingi, hivyo mtoto mdogo asizoeshwe chakula chenye magadi. Kusugua meno kwa ndimu au mkaa hakusaidii: asidi ya ndimu hula ganda la jino, na mkaa hulikwangua. Ganda hilo likiisha halirudi.

La kufanya sasa

Usihesabu sukari kwa vijiko tu, hesabu pia mara ngapi kwa siku unakunywa chai tamu, maana kila mara vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Mtoto akifika miaka sita, mchunguze nyuma ya magego ya utotoni: huota gego la ukubwani ambalo wazazi wengi hudhani litang'oka lenyewe.

Ukiona tundu, nenda kituo chenye mtaalamu wa meno kabla halijaanza kuuma, na uulize: Je, linazibika? Ni gharama gani? Nitarudi mara ngapi? Mkulima anayetenga fedha za mbegu kabla ya mvua anaweza pia kutenga kidogo, kila anapouza, kwa ajili ya meno ya nyumba yake.